Namna ya kufukua historia ya parokia ndogo ya Uingereza, tukianzia Twywell

Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulifikishwa Bagamoyo. Ulikuwa umekaushwa kwa jua na kufungwa ndani ya gome la mti na kitambaa cha tanga, na watu wake walikuwa wameubeba kwa miezi kutoka kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wawili kati ya viongozi wa msafara ule, Abdullah Susi na James Chuma, walisafirishwa mwaka huohuo hadi Uingereza, wakamsaidia kasisi Horace Waller kuzisoma na kuzipanga shajara za mwisho za marehemu. Naye Waller, mwaka huohuo wa 1874, alipewa parokia ya Twywell huko Northamptonshire, akaishika mpaka 1895.

Twywell ni kijiji kidogo kati ya Kettering na Thrapston. Ukiwa kwenye barabara ya A14, chafya moja tu inatosha kukufanya ukipite. Mimi nilikifuata kwa sababu ya swali moja dogo: watu wawili waliozungumza Kiswahili wanaweza kuwa wameacha alama gani katika karatasi za kijiji cha Kiingereza? Kutafuta jibu kulinifundisha njia nzima, na njia hiyo inafaa parokia yoyote ya shamba, iwe unaishi jirani nayo au unaitafuta kwa intaneti ukiwa Dodoma au Mombasa.

Kwanza: ijue parokia kama serikali

Kwetu ukisema parokia, mtu anafikiria padri, kwaya na jumuiya ndogondogo. Uingereza parokia ilikuwa hayo yote, na juu yake ilikuwa serikali ya mahali. Tangu 1555 sheria iliwatwika wakazi wake kazi ya kutengeneza barabara zao wenyewe. Tangu 1601 walitozwa ushuru wa kuwatunza maskini wao. Walikuwa na konstebo wao, na wazee wa kanisa waliotoa hesabu kila mwaka. Ndiyo maana daftari la kanisa la kijijini limejaa mambo yasiyo na harufu ya dini: bei ya misumari, viatu vya yatima, senti alizolipwa mtu aliyeleta vichwa vya shomoro au mzoga wa kalunguyeye, maana wanyama hao walihesabiwa kuwa waharibifu.

Shika jambo hili tangu mwanzo: karibu kila karatasi utakayoikuta iliandikwa kwa sababu ya fedha. Mtu alitaka kujua nani alipe, nani asamehewe, nani afukuzwe. Hakuna aliyekaa chini kukuandikia historia. Ukiuliza kila mara karatasi hii ilimfaa nani, utaelewa kwa nini baadhi ya watu wamo na wengine hawamo.

Sheria ya 1866 ilianza kuitenga parokia ya kiserikali na ile ya kanisa, na 1894 zikaundwa halmashauri za parokia zenye kuchaguliwa. Kwa hiyo jina moja laweza kuwa na mipaka miwili isiyolingana, na ukichukua idadi ya watu ya mpaka mmoja ukaigawa kwa eka za mpaka mwingine umeshapotea.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako andika parokia yako ilikuwa chini ya nani. Yangu ilisomeka hivi: Twywell, tarafa ya kale ya Huxloe, kaunti ya Northamptonshire, dayosisi ya Peterborough tangu 1541 na kabla ya hapo Lincoln, halmashauri ya North Northamptonshire tangu 2021. Kila jina hapo ni mlango wa hifadhi nyingine. Anayetafuta kasisi aliyeteuliwa mwaka 1500 akang'ang'ania Peterborough atarudi mikono mitupu, kwa sababu wakati huo askofu wake alikuwa Lincoln.

Pili: tembea kabla ya kusoma

Nenda siku kavu, na viatu usivyovionea huruma. Anza kanisani. Matao ya mviringo juu ya mlango au nguzo kwa kawaida ni ya Wanormani, yaani karne ya 11 na ya 12. Matao yenye ncha ni ya baadaye. Kanisa la Mtakatifu Nicholas la Twywell lina kazi ya karne ya 12, na ukiujua mlango mmoja wa aina hiyo utaitambua mingine popote utakapoiona. Tazama kuta za ndani. Mbao za wafadhili hutaja nani aliacha shilingi ngapi za kununulia mikate ya maskini. Orodha ya makasisi mara nyingi hutundikwa karibu na mlango, na orodha ya waliokufa vitani 1914 hadi 1918 haikosi kuwa mbali. Piga picha zote, hata usizozielewa.

Nje kuna makaburi. Usitarajie mawe ya kale sana, kwani wanakijiji wengi walizikwa bila jiwe, na mawe yaliyosalia viwanjani kwa kawaida hayapiti karne ya 17. Maandishi yaliyofifia husomeka jua likiwa chini, asubuhi au jioni, au ukimulika tochi kwa ubavu wa jiwe. Usikwangue kuvu, wala usipake chaki au povu la kunyolea hata kama umeona mtu akifanya hivyo kwenye video. Jiwe lile limestahimili mvua ya miaka 300, na brashi ya waya huliharibu kwa dakika tano.

Halafu toka uende mashambani. Ukiona malisho yenye mawimbi ya matuta marefu yaliyopinda kidogo kama herufi S iliyogeuzwa, hayo ni makovu ya plau za zama za kati. Safu ndefu ya maksai haikuweza kugeuka papo hapo mwishoni mwa shamba, ikaanza kupinda mapema, na udongo ukashika umbo hilo. Northamptonshire imejaaliwa matuta haya, na huonekana vizuri zaidi theluji nyembamba ikianguka. Ukitaka kuona mfumo wenyewe ukiwa hai nenda Laxton, Nottinghamshire, ambako mashamba makubwa ya wazi yangali yanalimwa kwa vipande, na baraza la wakulima bado hukaa kukagua mipaka. Laxton ina pia ramani ya 1635 inayoonyesha vipande hivyo kimoja kimoja.

Twywell ina kovu jingine. Machimbo ya zamani ya mawe yenye chuma yamegeuka hifadhi ya maua na vipepeo. Ukishayaona hayo mashimo kwa macho, ukifika kwenye sensa hutashangaa kukuta mchimbaji katikati ya vibarua wa mashamba. Na jina lenyewe la kijiji linatokana na Kiingereza cha kale, chemchemi au kijito pacha, kwa hiyo tafuta maji yapo wapi.

Jambo moja la adabu. Milango ya makanisa mengi ya vijijini huwa wazi mchana. Ukikuta umefungwa, tangazo mlangoni hueleza ufunguo uko kwa nani. Ukiweza, nenda Jumapili ubaki kwenye chai baada ya ibada. Waingereza hawaanzi kwa kuulizana habari za nyumbani, za watoto na za mifugo kama sisi, na mgeni anaweza kudhani hawataki mazungumzo. Muulize bibi mmoja shamba lile nyuma ya kanisa linaitwaje, uone kama utaondoka kabla ya saa nane.

Tatu: tandaza ramani

Tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland ina ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la serikali la kupima ramani, za Uingereza nzima, bure, na unaweza kuilaza ramani ya karne ya 19 juu ya picha ya setilaiti ya leo. Anza hapo, hata kama kijiji chako kipo kusini kabisa.

Kisha rudi nyuma hadi ramani za zaka. Sheria ya 1836 ilibadili zaka ya mazao kuwa malipo ya fedha, na kwa ajili hiyo parokia nyingi zilipimwa shamba kwa shamba. Ramani huenda na jedwali linalotaja mwenye shamba, anayelilima, jina la shamba, matumizi yake na ukubwa wake. Ukubwa umeandikwa kwa eka, rood na perch: perch 40 ni rood moja, rood nne ni eka moja. Nakala za taifa ziko Hifadhi ya Taifa ya nyaraka, Kew, London, ramani katika mfululizo wa IR 30 na majedwali katika IR 29.

Kama kijiji chako kimo Northamptonshire au kaunti jirani za katikati ya nchi, huenda usikute ramani ya zaka. Usikate tamaa. Huko mashamba mengi ya pamoja yaligawanywa na kuzungushiwa ua kwa sheria za Bunge katika karne ya 18 na mwanzo wa ya 19, na zaka ilimalizwa palepale kwa kumkatia kasisi kipande cha ardhi. Tafuta hati ya mgawanyo huo. Inaonyesha nani alipata nini, na ukiisoma polepole utaona nani hakupata: mwenye kibanda aliyekuwa akilisha ng'ombe mmoja kwenye malisho ya wote mara nyingi aliishia na kipande kisichotosha hata gharama ya kukiwekea ua. Ukitembea tena baada ya kuisoma, zile ua zilizonyooka kama rula zitakuwa na sura nyingine machoni pako.

Nne: daftari za ubatizo, ndoa na mazishi

Hapa ndipo utakapokaa muda mrefu, na ndipo wengi hukosea.

Septemba 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia iandike kila wiki nani amebatizwa, nani ameoa na nani amezikwa, na daftari liwekwe ndani ya kasha lenye kufuli mbili. Watu walinong'ona kwamba ni maandalizi ya kodi mpya. Daftari nyingi za mwanzo zilikuwa za karatasi duni, zikaoza. Mwaka 1598 ikaamriwa zinakiliwe kwenye ngozi, hasa kuanzia 1558, mwaka Malkia Elizabeth wa Kwanza aliposhika kiti. Kwa hiyo daftari lako likianza 1558 usidhani kijiji kilizaliwa mwaka huo. Amri hiyohiyo ilitaka nakala ipelekwe kwa askofu kila mwaka. Panya wakiwa wamekula daftari la kijijini, omba nakala ya askofu.

Mtego wa kwanza ni kalenda. Kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi. Mtoto anaweza kubatizwa Mei 1710 na kuzikwa Februari 1710, na karani hajakosea: Februari ile ni yetu ya 1711. Iandike 1710/11 ili usijichanganye. Mimi niliwahi kutumia mchana mzima kutafuta mtu aliyezikwa kabla ya kuzaliwa.

Mfano ulio wazi uko Oxhill, kijiji cha Warwickshire. Uwanjani mwa kanisa kuna jiwe la mwanamke aitwaye Myrtilla, ambaye jiwe linamtaja kuwa mtumwa wa bwana Thomas Beauchamp wa Nevis, kisiwa cha Karibi. Limeandikwa alibatizwa 20 Oktoba na kuzikwa 6 Januari 1705. Kwa kalenda ya wakati ule, Januari hiyo ndiyo tunayoiita leo 1706, kwa hiyo miezi miwili na nusu hivi inatenganisha ubatizo wake na kaburi lake. Watu weusi wamo katika daftari za vijijini kuliko wengi wanavyodhani, lakini ukitafuta kwa maneno ya leo hutawapata. Tafuta maneno waliyoandikiwa wakati ule, kama "blackamoor", "negro" au "a black", na majina ya Kirumi ambayo mabwana walipenda kuwapachika.

Mtego wa pili ni lugha na mwandiko. Kilatini cha daftari si kigumu: filius ni mtoto wa kiume, filia wa kike, sepultus amezikwa, vidua ni mjane. Mwandiko wa karne ya 16 ndio utakaokutoa jasho. Anza na kurasa za miaka ya 1800 ambazo unazisoma bila shida, uyazoee majina ya ukoo wa kijiji, kisha urudi nyuma taratibu. Ukifika 1600 majina utakuwa unayafahamu tayari, na hayo ndiyo yatakayokufundisha herufi.

Fomu zilizopigwa chapa zilianza 1754 kwa ndoa na 1813 kwa ubatizo na mazishi. Tangu 1813 daftari la ubatizo linataja kazi ya baba, na la mazishi linataja umri. Hesabu za kazi zianzie hapo.

Na kuna herufi P. Kuanzia Oktoba 1783 hadi 1794 serikali ilitoza peni tatu kwa kila ubatizo, ndoa na mazishi yaliyoandikwa, isipokuwa kwa maskini, ambao jina lao liliwekewa P. Usishangae pia ukiona watoto wakubwa wakikokotwa kubatizwa kwa mkupuo Septemba 1783, kabla bei haijapanda.

Ukishanakili miaka mia moja hivi, chora mistari kwenye karatasi ya miraba: ubatizo juu, mazishi chini, mwaka kwa mwaka. Pale mazishi yanapopanda ghafla simama. Eyam, Derbyshire, ni mfano unaojulikana kote: tauni iliingia Septemba 1665 na ikaendelea kuua hadi mwaka uliofuata, na kasisi William Mompesson akawashawishi wanakijiji wasitoke nje ya mipaka yao. Kwako huenda ukakuta kilima kidogo tu, labda ndui, labda mavuno mabaya. Linganisha na vijiji vya jirani kabla hujatoa jina la ugonjwa.

Tano: karatasi za maskini

Kama ningeruhusiwa kuokoa fungu moja tu kutoka kwenye kasha la parokia linaloungua, ningeshika hili. Matajiri wana mawe ya marumaru na wosia. Kibarua ana karatasi ya msimamizi wa maskini, basi.

Sheria ya 1662 ilimpa kila mtu parokia moja iliyopaswa kumtunza akianguka. Ulipata haki hiyo kwa kuzaliwa, kwa kuolewa, kwa kujifunza ufundi mahali, kwa kupanga mali ya pauni kumi kwa mwaka, au kwa kuajiriwa mwaka mzima. Matokeo yake utayaona: waajiri waliowaajiri vijana kwa wiki 51, ili mwaka usitimie. Mtu akiomba msaada, mahakimu walimhoji, na majibu yake yakaandikwa. Alizaliwa wapi, alimtumikia nani, kwa mshahara gani, alioa lini. Ni tawasifu ya mtu ambaye pengine hakujua kuandika jina lake, na chini yake ameweka alama ya msalaba. Kama hakuwa wa hapo, hati ya kuhamishwa ilifuata, na konstebo akamsindikiza mpaka parokia yake. Mwanamke mjamzito asiye na mume alihamishwa upesi kuliko wote, kwa kuwa mtoto akizaliwa pale, pale pangemlisha. Tafuta pia dhamana ambazo wanaume walizitia saini kugharimia watoto wa nje ya ndoa. Mara nyingi hapo ndipo baba aliyekosekana kwenye daftari la ubatizo anapojitokeza.

Hesabu za wasimamizi nazo zisome mstari kwa mstari. Shuka, kuni, jeneza, bia ya wabeba jeneza. Baada ya 1834 parokia ziliunganishwa, maskini wakapelekwa kwenye nyumba kubwa za kazi za muungano, na karatasi zao zikahamia huko. Kwa hiyo ukiona ukimya baada ya 1834, umaskini haukwisha kijijini, umebadilisha ofisi.

Sita: siku ya kwenda hifadhi

Karatasi nyingi za kijiji ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti. Ya Northamptonshire iko Wootton Hall Park, Northampton. Angalia orodha yao mtandaoni, pamoja na orodha ya Hifadhi ya Taifa iitwayo Discovery, na uandike namba za mafungu kabla hujatoka nyumbani, maana hifadhi nyingi hutaka uagize mapema. Beba kitambulisho na uthibitisho wa anwani kwa ajili ya kadi ya msomaji. Penseli tu. Siku yangu ya kwanza nilikuwa na kalamu ya wino mfukoni, nikaombwa kwa upole mkubwa niiache kabatini, kama mtu aliyeingia na panga. Uliza ada ya kupiga picha kwa simu. Picha ya kwanza ya kila fungu iwe ya lebo yake, la sivyo ukifika nyumbani utakuwa na kurasa 200 zisizo na wenyewe.

Wasiofika huko wana njia zao. FamilySearch, tovuti ya kutafutia nasaba, ni bure. Maktaba nyingi za umma Uingereza hukuruhusu kutumia tovuti za kulipia kama Ancestry au Findmypast bila malipo ukiwa ndani ya jengo. British History Online ina historia za kaunti zilizoandikwa kwa makini, parokia kwa parokia. Zisome mapema, lakini usizinakili ukaita utafiti. Zilivutiwa na mabwana wa milki na uteuzi wa makasisi kuliko na aliyekamua ng'ombe.

Saba: sensa, na wanaopita kati yake

Sensa ilianza 1801, kila miaka kumi, na majina ya kila nyumba yapo kuanzia 1841. Ya 1841 ina hila: umri wa watu wazima kwa kawaida ulishushwa hadi tano ya karibu, kwa hiyo mtu wa miaka 39 ameandikwa 35. Kuanzia 1851 unapata mahali pa kuzaliwa na uhusiano na mwenye nyumba. Ya 1921 ilifunguliwa 2022. Ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita.

Chukua barabara moja ya kijiji uifuate sensa baada ya sensa. Usiandike majina tu. Andika nani alizaliwa hapohapo na nani alitoka nje, na umbali wa huko alikotoka. Hadithi kwamba wanakijiji wa zamani hawakusogea hata hatua hufa kwenye jedwali hilo.

Lakini sensa ni picha ya usiku mmoja. Ilipigwa 2 Aprili 1871, ikapigwa tena 3 Aprili 1881. Susi na Chuma walikuja na kuondoka 1874. Kwa sensa, watu hao hawakuwahi kukanyaga Uingereza. Vivyo hivyo vibarua wa mavuno, wachuuzi, wajenzi wa reli ya Kettering hadi Huntingdon iliyofunguliwa 1866: walikuja, wakafanya kazi, wakaenda kati ya hesabu mbili. Ukitaka wapita njia, tafuta karatasi zinazoandikwa kila siku. Daftari la mwalimu mkuu ni mojawapo. Shule zilizopewa ruzuku ya serikali zilitakiwa kuwa nalo tangu miaka ya 1860, na humo mna wageni waliotembelea darasa, watoto waliokwenda kuokota viazi na siku baridi iliposhinda jiko. Magazeti ya kaunti ni mengine. Northampton Mercury, kwa mfano, lilianza 1720.

Nane: pima hadithi ya kijiji

Kila kijiji kina hadithi yake. Handaki kutoka kanisani hadi baa. Malkia aliyelala nyumba ile. Usizicheke wala usizimeze. Nikupe namna nilivyoishughulikia yangu.

Niliweka kando kwanza lililo imara. Waller na Chuma walifahamiana tangu Magomero, katika Malawi ya leo, ambako misheni ya Kianglikana iliyoanzishwa na vyuo vikuu vya Uingereza ilifika 1861 na ambako Chuma, akiwa mtoto, alikuwa miongoni mwa waliokombolewa kutoka msafara wa watumwa. Misheni hiyo ndiyo iliyohamia Unguja baadaye. Susi na Chuma walimsaidia Waller kwa shajara mwaka 1874. Walikuwa pia wageni wa familia ya Webb huko Newstead Abbey, Nottinghamshire. Waller akawa kasisi wa Twywell mwaka huo.

Sasa angalia jinsi sentensi hizo zinavyoweza kukuteleza. "Walimsaidia Waller" na "Waller alikuwa wa Twywell" hazitoi moja kwa moja "walifanya kazi hiyo Twywell". Mwaka mmoja una miezi kumi na miwili. Kinachotakiwa ni tarehe. Karatasi za dayosisi ya Peterborough, ambazo nazo zinatunzwa Northampton, huonyesha siku kasisi aliposimikwa. Daftari la ubatizo lina saini ya aliyebatiza, kwa hiyo saini ya kwanza ya Waller inakuambia lini alianza kazi kwa mikono yake. Barua zake ziko maktaba ya Bodleian, Oxford, na barua ina anwani juu na tarehe. Panga tarehe hizo katika safu moja, na za safari ya Susi na Chuma katika safu ya pili. Pale safu zinapokutana ndipo unaporuhusiwa kuandika "hapa".

Kwenye magazeti usitafute "Chuma" peke yake. Kompyuta husoma vibaya chapa za zamani, na waandishi waliyaandika majina ya Kiafrika walivyoyasikia. Tafuta jina la Livingstone pamoja na jina la kijiji, kisha neno la wakati ule la watumishi.

Ukipata maelezo mawili yanayogongana, yaandike yote mawili na useme kila moja limetoka wapi. Hadithi bila karatasi nayo ina nafasi yake, mradi msomaji aone kwamba ni masimulizi: "wazee wa kijiji husimulia kwamba".

Tisa: kuandika

Usianze na 1086 kwa sababu tu Kitabu cha Domesday, ile orodha ya kale ya ardhi na mali za Uingereza, kinaanza hapo. Anza na kitu ambacho mkazi wa leo anakipita kila siku: ua lililonyooka, shimo la machimbo, jina kwenye mnara wa vita. Kutoka hapo rudi nyuma. Kila dai liwe na namba ya fungu lake katika daftari lako, hata kama halitachapishwa. Waliozaliwa hivi karibuni waachie faragha yao. Sensa yenyewe hufungwa kwa miaka 100.

Kurasa 30 zinatosha kijiji kidogo. Chapa nakala chache. Moja ipeleke hifadhi ya kaunti, ambako itapewa namba na kuwekwa pamoja na zile ulizozisoma. Nyingine iache kanisani kando ya kitabu cha wageni, na penseli juu yake, kisha urudi baada ya mwezi mmoja kusoma pembezoni. Wale wa chai ya Jumapili watakuwa wamekwisha kukuonyesha shamba gani umelibandika jina la jirani yake.